Kijiti cha Mtahini

Mtahini hakuwahi kukaa kwenye kiti bila kwanza kukitikisa. Iwe arusini, iwe msibani, angeshika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, akakisukuma kushoto, akakivuta kulia, akasikiliza miguu yake, ndipo aketi. Kiti kikilegea alikigeuza kikatazama ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa, asije mwingine akaanguka nacho. Wenye shughuli waliona haya. Mimi niliyefuatana naye niliona haya kuliko wao, kwa sababu watu walidhani ni baba yangu.

Hakuwa baba yangu. Alikuwa mwenye nyumba wangu pale Niboye, Kigali. Nilipotoka Tanga kuja kufanya kazi katika ofisi ya mizigo huko Muhima, nilipanga kwake nyumba ndogo ya uani, na nikakaa humo miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Mtaa mzima ulimwita Mtahini kwa kuwa alikuwa mtahini wa shule ya udereva mpaka alipostaafu. Mkewe sote tulimwita Mama, naye Mama alimwita mumewe Mtahini pale tu alipokuwa amemkasirikia, yaani karibu kila siku.

Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa jina. Aliendelea kutahini kila kilichopita mbele yake. Alitahini mlango wa geti kwa sikio, chapati kwa kuikunja, na mahubiri kwa kuangalia saa. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, sisi wengine tukifyeka na kuzibua mitaro, yeye alipita nyuma yetu na jembe lake begani akisema huu mtaro hautapitisha maji, rudieni. Watu walinung'unika, kisha wakarudia, maana kweli haukuwa unapitisha. Kule Niboye ulikuwa huwezi kukosana naye kwa muda mrefu. Alikuwa na ukali wa mwiba, lakini mwiba wa mti uliozaa.

Madereva waliopita mikononi mwake walimkumbuka kwa maneno mawili: "Umefeli. Shuka." Hakuwa na la tatu. Hakueleza, hakupooza, hakuongeza pole. Mtu alikuwa akiegesha vibaya kwenye kilima, anaambiwa umefeli, shuka, hata kama bado wako katikati ya barabara na mvua inanyesha. Ukimwuliza kwa nini alikuwa mkavu vile, alisema, "Gari likikuua haliombi msamaha. Kwa nini mimi nikuombe?"

Na kabla ya kumruhusu mtu aguse usukani, alimfungulisha boneti, akamwambia apime oili. Hapo wengi ndipo walipoanguka. Walichomoa kijiti, wakakitazama, wakasema iko sawa. "Umefeli. Shuka." Kwake yeye kijiti kinachomolewa, kinafutwa kwa kitambaa, kinarudishwa mpaka mwisho, kinachomolewa tena, ndipo kinasomwa. "Mara ya kwanza," alikuwa akisema, "kijiti kinasema uongo. Kinakupa habari za jana. Mfute uso kwanza, halafu umwulize tena." Alisema hivyo kuhusu vijiti, na alisema hivyo kuhusu watu pia, hasa waliokuja kuomba binti zake.

Kisa chake kilichopendwa zaidi, na ambacho alikisimulia kila alipopata mgeni, kilikuwa cha dereva wa lori. Dereva huyu alikuja kutahiniwa, na ulipofika wakati wa kupimwa macho akasoma herufi zote za kile kibao bila kukwama. Mtahini akaona ni nyepesi mno. Akakigeuza kibao juu chini, akamwambia asome tena. Dereva akasoma tena, herufi zilezile, kwa mpangilio uleule, bila kukwama. Alikuwa amezikariri kwa rafiki yake.

"Umefeli. Shuka," Mtahini akamwambia, ingawa walikuwa ofisini na hapakuwa na pa kushuka.

Yule dereva alilia mbele za watu. Ndipo Mtahini alipoongeza, kwa mara ya pekee katika kazi yake, maneno mengine. Alimwambia: "Kutoona si kosa. Macho ni macho, yanachoka kama magoti. Kosa ni kuficha." Dereva akaenda akatafuta miwani, akarudi, akafaulu, na tangu hapo akawa mtu wa nyumbani. Alikuwa akija Jumapili na miwani yake minene kama vitako vya glasi, anakunywa chai, anasikiliza kisa chake mwenyewe kikisimuliwa kwa wageni, na anacheka pale panapochekesha. Mimi nilikuwa siwezi kucheka. Nilikuwa nikimtazama usoni nikimwonea aibu, na yeye hata habari hana.

Mtu wa namna hii ungedhani hana haya. Kumbe haya zilimjaa mpaka kooni, ila alikuwa amezipanga vizuri.

Mtahini na Mama wote wawili walikulia Tanzania, yeye Karagwe ndanindani, Mama kule Bukoba ziwani. Walirudi Rwanda watu wazima. Kinyarwanda chake kilikuwa na vumbi la Karagwe, na watoto wa mtaani walilisikia vumbi hilo hata alipokuwa anasalimia tu. Kwa hiyo hakuwa akiuliza kitu. Hakuuliza njia, hakuuliza bei, hakuuliza neno alilolikosa katika mkutano. "Anayeuliza njia hapotei," alinifundisha wiki yangu ya kwanza, "lakini kila mtu anajua kwamba ni mgeni." Tuliwahi kuzunguka Kicukiro mchana kutwa tukitafuta nyumba ya msiba, tukafika wakati watu wanakunja maturubai, kwa sababu hakutaka kuteremsha kioo. Akatoa rambirambi yake kwa heshima zote, akatikisa kiti, akaketi kwenye uwanja mtupu.

Ujumbe wa simu hakuandika wala hakujibu. Alisema ni mawasiliano ya watu wanaoogopa sauti zao. Kanisani akiitwa kusoma neno, alifunga kitabu akalisema kwa kichwa, na wazee wakatingisha vichwa kwa kustaajabia. Na tukienda Gisimenti, mara moja moja, kula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, alisukuma karatasi ya vyakula kwangu bila kuitazama. "Chagua wewe, binti. Nitakula unachokula." Niliona huo ni ungwana. Nilifikiri, huyu ni mtu aliyetahini maisha yake yote, sasa anataka kupumzika kuchagua.

Sasa niiseme mashua.

Mama alikuwa na neno moja alilolirudia kila kiangazi kilipokausha bustani: "Kigali nzuri, Kigali safi, ila hamna maji ya kutazama." Hakulalamika. Alilisema kama mtu anavyotaja jina la marehemu. Mtahini alijifanya hasikii, na alikuwa bingwa wa kujifanya hasikii, mpaka siku moja lori la yule dereva wa miwani likapanda kilima chetu kwa gia ya kwanza, likivuta trela, na juu ya trela mashua ndogo ya tanga, nyeupe, na mlingoti umelazwa. Mgeni mmoja aliyekuwa akipumzika nayo ziwani Muhazi alikuwa anarudi kwao. Mtahini akainunua kimyakimya. Iliingizwa uani kwa kuvunja sehemu ya ua, ikawekwa kati ya migomba na kamba ya nguo, na mlingoti ukaegeshwa kwenye paa langu, ukapiga bati kila upepo ulipovuma.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akaizunguka mara moja. Akaweka kiganja kwenye ubavu wake.

"Ina injini?" akauliza.

"Ndogo. Ya dizeli. Ya kuingilia na kutokea bandarini," Mtahini akasema, kana kwamba Niboye ni bandari.

"Nitapanda lini?"

"Ikiwa tayari."

Hilo ndilo jibu lililotukalisha na mashua uani misimu miwili ya mvua. Alipaka rangi, akakwangua, akapaka tena. Majirani walikuja kuitazama baada ya misa. Mama muuza duka wa mkabala alikuwa akiniita pembeni na kuniuliza, "Mzee iko sawa kichwani? Ziwa iko wapi hapa?" Nami nilimjibu kwamba mzee yuko sawa kabisa, huku nikitamani ardhi inimeze, maana nilipokuwa nikitoka asubuhi kwenda kazini watu wa kituoni walikuwa wakiniuliza kama tumeshafika Mwanza.

Kila Jumamosi asubuhi, isipokuwa ya umuganda, alifanya ibada yake. Alitumbukiza mpira wa maji kwenye ndoo, ili injini ipate maji ya kujipoza. Akapanda ngazi, akainua kifuniko cha mbao, akaniita. Niliitwa mimi kwa sababu mimi ni mtu wa Tanga. "Wewe mtu wa pwani," alisema, "mashua imo damuni mwako." Nami sikumwambia kwamba nilizaliwa nyuma ya stesheni ya reli, kwamba bahari nilikuwa nikiiona siku ya Idi tukienda kupiga picha, na kwamba chombo cha majini sijawahi kupanda hata cha kuvukia. Mtu akishakuvika kanzu ya ubaharia mbele ya mkewe, utaivua vipi? Nilisema, "Naam, mzee," nikapanda ngazi.

Alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Alikishika mbali na uso, mkono umenyooka, kama mtu anayepima nguo dhidi ya mwanga. Kisha akakielekeza kwangu.

"Bado kidogo, sivyo?"

"Bado kidogo, mzee."

Akamimina oili kidogo kutoka kwenye kopo, akafunga, akaiwasha injini. Ilikohoa, ikanguruma, uani pakanuka dizeli, nguo za Mama zikachukua moshi, na Mtahini akasimama na mikono kiunoni, uso umemng'aa. Tulikuwa tukifanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Ukiniuliza, zilikuwa ndizo nyakati nilizompenda zaidi.

Siku ya kuishusha ziwani aliialika dunia. Walikuja wanakwaya, walikuja majirani, alikuja dada yake Mama kutoka Rwamagana, walikuja madereva waliofeli na waliofaulu. Mama alivaa umushanana mweupe, lile vazi la shughuli linalofungwa begani, na shanga shingoni. Kule Muhazi maji yalikuwa yametulia, kijani, membamba kati ya vilima. Lori likarudisha trela mpaka magurudumu yakazama, mashua ikaelea, na sisi wa ufukweni tukapiga makofi. Mtahini akamshika Mama mkono akampandisha. Nikaona Mama amefumba macho.

Injini ikawaka mara moja. Walikwenda umbali wa kutupa jiwe, kwaya ikaanza wimbo. Halafu mlio ukabadilika. Ilianza kupanda yenyewe, kwa sauti ya kitu kinachokimbizwa, na moshi mweupe ukatoka, kwanza kama wa jiko, kisha kama wa nyumba. Tuliona Mtahini akivuta kizimio. Akakivuta tena. Injini haikusikia. Ilikuwa imejaa oili mno hata ikaanza kuinywa na kuichoma oili yake yenyewe, wala haikuhitaji dizeli tena. Tuliambiwa baadaye kwamba injini ya dizeli ikifika hapo haizimiki mpaka ijimalize. Sisi tulichokiona ni moshi uliowafunika wanakwaya wimbo ukiwa nusu, na kelele, na mzee mmoja ndani yake anahangaika. Kisha kishindo, kisha kimya. Moshi ulipopanda, Mama alikuwa amekaa wima palepale, na oili nyeusi imemrukia kuanzia begani hadi magotini.

Tulibaki tunalitazama lile vazi jeupe. Ndipo yule dereva wa lori, kwa mapenzi yote, kwa kutaka tu kuupunguza uzito ule, akaweka viganja mdomoni akapaza sauti na ile lafudhi yake ya Kigali inayogeuza l kuwa r:

"Mtahini! Reo umeferi! Shuka!"

Watu walicheka. Walicheka kama wanaofunguliwa. Hata mwanakwaya mmoja alikaa chini kwenye nyasi kwa kucheka. Mtahini alisimama pale katikati ya maji, mikono imening'inia, hana pa kushukia. Wavuvi wakaenda na mtumbwi wao, wakafunga kamba, wakawavuta. Alipokanyaga nchi kavu hakumtazama mtu. Nilitaka kumpokea begi lake, mikono ikanigomea. Nimewahi kuona aibu zangu nyingi, lakini ile ya kumwangalia mtu mzima akitembea katikati ya kicheko, akijaribu kutembea kama kawaida, sikuwahi kuiona, na bado ninayo.

Mashua ikarudi Niboye. Mtahini akaita fundi, mtu wa Goma aliyezoea boti za Kivu. Alifungua injini tumemzunguka, mimi, Mama na dereva wa lori aliyekuja kuomba radhi akakosa pa kuanzia. Fundi akakinga ndoo chini, na oili ikatoka, ikatoka, mpaka akainua uso.

"Hapa mafuta ilikuwa mingi sana. Karibu mara mbili. Nani alikuwa anasomaka kijiti?"

Mtahini alinitazama. Ilikuwa mara moja tu, na fupi. Kisha akatazama ndoo.

"Mimi," akasema. "Mimi peke yangu."

Fundi alikuwa mtu wa huruma. Akatazama uani kwetu, jinsi ulivyoinama kuelekea barabarani kama nyua zote za Kigali, akatikisa kichwa. "Aa, basi nimeelewa. Ni mulima, musee. Mashua iko imelala upande, kijiti haiwezi kusema kweli. Hata mimi ningekosa." Dereva wa lori akaidaka mara moja: naam, mteremko! Jioni ile mtaa mzima ulikuwa unasema mteremko. Mama muuza duka alinieleza mimi, niliyekuwepo, jinsi mteremko ulivyomponza mzee. Ilikuwa sadaka ya mtaa, na kila mtu alichangia.

Mtahini aliipokea lakini haikumfaa. Alihamia misa ya alfajiri na kutokea mlango wa pembeni. Siku za umuganda alilima mtaro wake peke yake mwisho wa barabara, na sisi tulizibua yetu vibaya bila mtu wa kuturudisha. Vile visa vyake viliisha. Dereva wa lori alikuja akanywa chai, akasubiri kisa chake kisimuliwe, hakikusimuliwa, akaondoka. Nilimwuliza Mama kama mzee huwa anasema lolote wakiwa wawili. Mama akanijibu kwa methali ya kwao, kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni, akaendelea kupepeta mchele.

Aliwahi kutaka kuiuza mashua. Nilisikia kutoka chumbani kwangu, maana mlingoti ulikuwa bado juu ya paa na wao walikuwa chini yake. Alisema amepata mtu. Mama akasema, "Ukiiuza, mashua itaondoka, aibu itabaki hapa na sisi. Afadhali vikae vyote viwili." Mashua haikuuzwa. Ule umushanana ulifuliwa kwa sabuni zote zilizoko sokoni, doa likafifia likawa la rangi ya chai, lakini halikutoka.

Nilihama Niboye nilipopata chumba Remera, karibu na kazi mpya. Niliwaaga vizuri, wakanipa ndizi. Lakini kwenda kuwatembelea kulikuwa kugumu kuliko ilivyopasa. Nikifika getini nilikuwa nakumbuka lile tazamo lake fupi juu ya ndoo, na sikujua kwa nini lilinichoma. Sikuwa nimefanya kitu. Nilikubaliana na mkubwa wangu tu, kama nilivyofunzwa.

Juzijuzi Mama akanipigia. Aliniambia niende Muhazi Jumamosi asubuhi, mzee ameniita, na hapo akakata kabla sijauliza.

Niliwakuta watatu tu, na wavuvi wachache waliokuwa wakitengeneza nyavu zao. Lori lilikuwa limeegeshwa, dereva amelala ndani na miwani usoni. Mashua ilikuwa majini, imefungwa kwenye gati ndogo ya mbao, mlingoti umesimama. Mama alikuwa tayari ndani yake, amekaa mbele, viatu amevua, na amevaa ule umushanana wenye doa. Mtahini alikuwa ameinama juu ya kifuniko cha injini. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakunisalimu kama watu waliopoteana. Alisema tu, "Panda hapa, mtu wa pwani."

Nilifika mpaka ukingo wa gati, karibu na injini, nikasimama hapo. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Akakishika mbali, mkono umenyooka. Akakielekeza kwangu.

"Bado kidogo, sivyo?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lilikuwa limekaa pale miaka yote, laini, lenye adabu. Sijui ni doa la Mama nililoliona nyuma ya bega lake, au ni maji yale yaliyokuwa yakipanda na kushuka chini ya miguu yangu, lakini lilinikwama.

"Mzee," nikasema, "alama yenyewe ni ipi?"

Akanitazama kama sikusema Kiswahili.

"Huioni?"

"Naona kijiti, naona oili. Sijui inatakiwa ifike wapi. Sijawahi kujua."

"Lakini ulikuwa unaniambia bado."

"Wewe ndiye uliyekuwa unasema bado, mzee. Mimi nilikuwa naitikia."

Alishusha mkono. Akaketi kwenye ukingo wa mashua bila kuutikisa kwanza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikaa anakitazama kile kijiti mapajani kama kitu kilichookotwa.

"Mimi sioni hapo," akasema, polepole, kwa sauti ya chini. "Naona ncha nyeusi, basi. Kilicho mbali naona hata ndege. Kilicho mkononi mwangu sikioni, na si jana wala juzi. Nikasema, huyu ana macho ya ujana, na tena mtu wa pwani. Ukisema bado, namimina."

Basi lile tazamo likanirudia zima, na safari hii nikalielewa. Alidhani mimi ndiye niliyesoma vibaya. Muda wote ule, misa za alfajiri, mtaro wa peke yake, alikuwa akiamini ni mimi, na mbele ya fundi, mbele ya mkewe, alisema, "Mimi peke yangu." Labda alikuwa anaficha macho yake, labda alikuwa ananificha mimi, labda hata yeye hakuweza kuvitenganisha. Aibu ikanipanda kutoka miguuni. Mimi niliyekuwa nimemwonea haya huyu mzee arusini, kituoni, dukani, kwa viti vyake na mashua yake, nilikuwa nimesimama kando yake kila Jumamosi nikimjaza oili kwa adabu zangu.

"Nielekeze," nikamwambia. "Wewe unajua pa kutazama."

"Karibu na ncha kuna mikwaruzo miwili. Kama ya kucha. Oili ikae katikati."

Nikakipokea kijiti, nikaitafuta. Ilikuwepo, myembamba, na oili ilikuwa katikati yake. Nikafuta, nikainama kutoka gatini nikarudisha, nikachomoa tena, kwa sababu mara ya kwanza kinasema uongo.

"Imefika, mzee. Usimimine."

Kutoka mbele Mama akaita, bila kugeuka, "Safari hii nani amesoma?"

Mtahini akasimama. Wavuvi walikuwa wanasikia, na dereva wa lori alikuwa ameamka, kichwa kimetoka dirishani.

"Binti," akajibu kwa sauti ya kutosha watu wote. "Mimi sioni vitu vya karibu."

Dereva wa lori akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Hakusema neno, Mungu ambariki.

"Kwani mimi sijui?" Mama akasema, macho bado ziwani. "Nani anakuchambulia miiba ya samaki? Nilikuwa nangoja useme."

Nami nikaona kwamba nikinyamaza sasa sitasema tena. "Mama, na mimi pwani yangu ni ya jina tu. Sijawahi kupanda chombo cha maji maisha yangu yote. Hapa nilipo naogopa."

Mtahini alinigeukia. Ule ukali wa zamani ukarudi usoni mwake, ule wa kibao kilichogeuzwa juu chini, akanipima kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya ofisini vilivyokuwa vimeng'ang'ania gati. Nikajua kinachokuja, nikainamisha kichwa nikipokee.

"Tumefeli," akasema, na akaninyooshea mkono. "Panda."